Mgonjwa wa Kifua, Tuangalie na Mkojo Wake

Somo la kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya maendeleo, Migori na Homa Bay

LENGO LA SOMO: Tukimaliza somo hili, kila mmoja wetu aweze (a) kueleza kwa nini mgonjwa aliyelazwa kwa homa ya virusi ya kifua anaweza kuumia figo, (b) kutaja dalili za hatari, na (c) kumsaidia mgonjwa wake hospitalini kwa kuandika anachokunywa na anachokojoa.

KISA CHA KUANZIA

Bila shaka mnakumbuka Juni 2021. Tarehe 17 ya mwezi huo serikali ilitangaza kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa, Homa Bay na Migori zikiwemo, kuwa eneo lililowaka moto wa Korona. Kafyu yetu ikawa ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Wodi zikajaa. Hewa ya oksijeni ikawa ndiyo habari ya kila siku.

Siku hizo nilikwenda hospitali moja kumtembelea mzee mmoja wa upande wa Nyatike, mwenye sukari na presha. Alikuwa amekohoa siku tano nyumbani. Viungo vilipomuuma alinunuliwa vidonge vya diklofenaki dukani, akameza asubuhi na jioni. Alikuwa anaharisha na chakula hakitaki. Alilazwa akingoja majibu ya kipimo, kwa hiyo mke wake aliruhusiwa kukaa karibu naye akiwa amevaa barakoa. Mimi nilikuwa nimeenda kwa mambo ya nauli na bili, kazi yangu ya kila siku.

Yule mama aliniuliza, "Mwanangu, huyu mzee tangu jana asubuhi hajaenda haja ndogo. Ni vizuri ama ni vibaya?"

Nami, mwenye diploma yangu ya kazi za jamii, nikamjibu, "Mama, mtu hajanywa kitu, atakojoa nini? Wacha tusisumbue masista, wako wachache."

Sote tulikuwa tunaangalia kifua. Tunaangalia mashine ya kidole inayoonyesha oksijeni. Oksijeni ilipopanda tukafurahi. Baada ya siku mbili mzee alivimba uso na miguu, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Damu ilipopimwa, figo zilikuwa zimesimama. Akafariki kabla ya kupelekwa kwenye mashine.

Sijui kama angepona. Alikuwa mgonjwa sana. Lakini baadaye daktari aliniambia jambo ambalo sijalisahau: siku ile mama aliyouliza ndiyo iliyokuwa siku ya kufanya kitu. Swali lake lilikuwa swali la daktari, na mimi nililinyamazisha. Ndiyo sababu ya somo hili.

FIGO HUFANYA KAZI GANI?

Figo ni mbili, kila moja kama ukubwa wa ngumi, zimekaa mgongoni chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja maji ya damu yapatayo lita 180. Hiyo ni mitungi tisa ya lita 20! Karibu yote hurudishwa kwenye damu, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo pamoja na uchafu wa mwili. Figo pia hulinganisha maji na chumvi, husaidia kuongoza presha na kutengeneza damu.

Ili kufanya kazi hiyo, figo zinahitaji damu nyingi. Karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupitia huko. Kwa hiyo damu ikipungua nguvu, figo ni kati ya viungo vya kwanza kulia njaa.

Figo zikidhoofika ndani ya saa chache au siku chache, tunaita jeraha la ghafla la figo. Hili si lile la kuharibika polepole kwa miaka. Jeraha la ghafla mara nyingi linaweza kupona, mradi ligunduliwe mapema. Hapo ndipo kuna tumaini letu.

KWA NINI UGONJWA WA KIFUA UNAFIKA KWENYE FIGO?

Watu wengi huuliza, "Virusi viko mapafuni, figo zinaingiaje?" Zinaingia kwa njia kadhaa, na mara nyingi njia hizi hukutana kwa mtu mmoja.

1. Maji kupungua. Homa kali, jasho, kutapika, kuharisha na kukosa hamu ya kunywa hukausha mwili. Damu inayofika kwenye figo inapungua.

2. Presha kushuka na oksijeni kukosekana. Maambukizi yakiwa makali, mishipa hulegea na presha huanguka. Mapafu nayo hayaleti oksijeni ya kutosha. Chembechembe za figo huanza kufa.

3. Mwili kujipiga wenyewe. Katika kupigana na virusi, kinga ya mwili inaweza kuwaka kupita kiasi, na damu ikaganda katika mishipa midogo sana. Figo zimejaa mishipa kama hiyo.

4. Misuli kuvunjika. Homa kali ya mafua, yaani influenza, wakati mwingine huharibu misuli. Uchafu wa misuli huziba vichujio vya figo. Mkojo huwa na rangi ya strungi.

5. Dawa. Hapa ndipo tunapojiumiza wenyewe. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa nyingine za jamii hiyo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Mtu mzima wa afya akimeza kidonge kimoja hawezi kujua. Lakini mtu aliyekauka maji, mwenye homa, au mwenye umri mkubwa, anaweza kuumia. Hata hospitalini zipo dawa zinazohitajika lakini zinazohitaji uangalifu, kama sindano ya jentamisini.

JAMBO HILI NI KUBWA KIASI GANI?

Korona ilipopiga New York nchini Marekani mwaka 2020, madaktari wa huko walichunguza wagonjwa 5,449 waliolazwa. Waliopata jeraha la figo walikuwa asilimia 36.6, yaani zaidi ya mmoja kwa kila watatu. Kati ya wale waliowekwa kwenye mashine ya kupumua, karibu tisa kwa kila kumi waliumia figo. Wengi wao figo zilianza kuumia karibu na saa ile ile ya kuwekwa kwenye mashine. Maana yake ni kwamba kifua na figo huanguka pamoja.

Na huku Afrika? Mwaka huo huo wa 2020, wagonjwa mahututi wa Korona zaidi ya 3,000 katika hospitali 64 za nchi 10, Kenya ikiwa mojawapo, walifuatiliwa. Karibu nusu walifariki ndani ya siku 30. Walioongezewa hatari ya kufa ni pamoja na wenye sukari, wenye HIV, wenye ugonjwa wa ini na wenye ugonjwa wa figo tangu zamani.

Msiseme, "Korona ilikwisha, hayo yametupita." Virusi vya Korona bado vipo, na influenza huja kila mwaka. Homa yoyote ya virusi inayomfikisha mtu kwenye kitanda cha hospitali inaweza kufika kwenye figo.

NANI AANGALIWE ZAIDI?

- Wazee.
- Wenye sukari au presha, hata kama wanajisikia wazima.
- Wenye ugonjwa wa figo wa zamani, wa moyo au wa ini.
- Wenye selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za huku kwa ziwa zinaujua.
- Wanaoishi na HIV. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kwa kila watano katika Homa Bay anaishi na virusi hivyo. Dawa ya tenofoviri, ambayo imo katika vidonge vya wengi, ni nzuri sana lakini kwa baadhi ya watu hugusa figo. TUSIELEWANE VIBAYA: mtu asiache ARV hata siku moja kwa sababu ya somo hili. Amwambie tu daktari wa wodi kwamba anazitumia. Wagonjwa wengine huficha kadi kwa aibu, na daktari anatibu bila kujua.

Tena tukumbuke malaria. Kwetu malaria ni jirani wa kila siku, na malaria kali nayo huumiza figo. Mgonjwa mwenye homa na kikohozi apimwe malaria pia. Tusikisie.

DALILI ZA HATARI

Mwite muuguzi mara moja ukiona:

1. Mkojo umepungua sana au haupo kwa muda wa saa sita.
2. Mkojo ni mweusi, mwekundu au kama strungi.
3. Uso, mikono au miguu imevimba.
4. Mgonjwa anasinzia sana, anachanganyikiwa, anatapika bila kukoma au ana kwikwi isiyoisha.
5. Anahema zaidi ingawa yuko kwenye oksijeni. Huenda maji yanajaa mwilini.

Kama mgonjwa amewekewa mpira wa mkojo, kwanza tazama kama haukukunjwa au mtu hakuukalia. Wazee wanaume pia wanaweza kufungiwa mkojo na tezi. Lakini wewe usivute mpira wala usiurekebishe. Kazi yako ni kuona na kusema.

KIPIMO RAHISI: DAFTARI LA KITANDANI

Madaktari hutumia hesabu hii: mtu mzima anatakiwa kukojoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa. Mgonjwa wa kilo 60 ni mililita 30 kwa saa. Kwa saa sita ni mililita 180, yaani kidogo zaidi ya nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Akikaa chini ya hapo kwa saa sita au zaidi, daktari anatakiwa kujua.

Mwaka 2023 mama mmoja wa miaka sitini hivi, mwenye sukari, alilazwa kwa nimonia iliyoanza kama mafua. Mke wa mwanawe alikuwa amesikia kisa cha yule mzee kwenye jumuiya yetu. Akachukua daftari la mtoto wa shule na chupa tupu ya nusu lita aliyoitia alama kwa kalamu. Ukurasa wake ulikuwa hivi:

Saa 12 asubuhi: amekunywa chai 200. Mkojo wa usiku 60.
Saa 4 asubuhi: uji 250. Mkojo hakuna.
Saa 8 mchana: maji 100, ametapika. Mkojo 50.
Saa 12 jioni: dripu 500. Mkojo 40.

Hebu tufanye hesabu. Tangu asubuhi hadi jioni, saa 12 nzima, mkojo ni 90. Mama huyo ana kilo 60, kwa hiyo tulitarajia angalau 360. Umepungukiwa vibaya! Na mtu angemtazama kwa macho angesema, "Lakini si anakojoa?"

Yule binti alimpelekea muuguzi daftari lile. Muuguzi hakukasirika. Alilichukua, akamwita daktari. Damu ikapimwa, dawa moja ikasimamishwa, nyingine ikapunguzwa, na dripu ikapangwa upya. Siku ya nne mkojo ukarudi. Hakufika kwenye mashine. Nisiwadanganye, figo zake hazikurudi zote kama zamani, na hadi leo ana kliniki yake. Lakini yuko nyumbani, anapalilia mboga zake.

Ukipima mkojo vaa glavu, mwaga chooni, nawa mikono kwa sabuni, na chupa hiyo isitumiwe kwa kazi nyingine.

Jambo moja la kuongeza: mkojo kuwepo si ushahidi kamili. Figo zingine huumia huku mkojo unatoka. Kwa hiyo kipo kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini. Hiyo ni takataka ambayo figo hutakiwa kuitoa. Ikipanda, figo zimezidiwa.

TUFANYE NINI?

Nyumbani kabla ya hospitali
- Kwa homa na maumivu, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa ni salama zaidi kwa figo kuliko diklofenaki au ibuprofeni. Usichanganye dawa za maduka mawili.
- Mpe mgonjwa vinywaji kidogo kidogo, mara kwa mara. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti.
- Kuhusu manyasi: siwatukani wazee wetu. Lakini zipo mizizi inayoumiza figo, na hatujui kipimo chake. Mgonjwa wa homa kali asipewe. Kama ameshapewa, mwambie daktari bila kuogopa.
- Usingoje siku tano. Anayehema kwa shida aende leo.

Hospitalini
- Beba dawa zote anazotumia, hata za dukani, ziweke mezani kwa daktari. Sema ukweli wote kuhusu sukari, presha, HIV na selimundu.
- Usimlazimishe kunywa maji mengi ukidhani unaosha figo. Mapafu yakiwa yamejaa, maji mengi yanaweza kumzamisha. Uliza kwanza, "Anywe kiasi gani?"
- Usimletee dawa ya kuuma viungo kwa siri chini ya leso.
- Usimwachishe dawa ya presha au ya sukari kwa uamuzi wako. Zipo ambazo daktari husimamisha kwa siku chache, lakini ni yeye anayejua ipi.
- Uliza maswali haya matatu kwa heshima: "Daktari, figo zake zimepimwa? Mkojo wake unatosha? Kati ya dawa anazopata, kuna inayoweza kuumiza figo?"

Hayo maswali si kiburi. Muuguzi mmoja akiwa na vitanda vingi hawezi kuona kila mfuko wa mkojo kila saa. Wewe uliyekaa pale una macho mawili ambayo hospitali haina.

Baada ya kutoka
- Rudi kupimwa kreatinini siku utakayoambiwa, na usipite miezi mitatu bila kupimwa. Wengi hutoka wakiwa wazima kwa macho, kumbe figo zimebaki na kovu.
- Endelea kupima presha na sukari. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye vifaa hivyo kuanzia Septemba 2023. Waiteni nyumbani.

TUKIAMBIWA NI MASHINE

Wengine wakisikia kusafishwa damu kwa mashine wanaona ni hukumu ya kifo, wanamtoa mgonjwa kitandani na kumrudisha nyumbani. Tafadhali msifanye hivyo. Kwa jeraha la ghafla, mashine mara nyingi ni ya muda, siku au wiki chache, mpaka figo zipumzike na kuamka. Zamani mgonjwa wa huku alikuwa akisafirishwa mbali sana. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2015 ulipeleka mashine hizi katika hospitali za kaunti. Uliza mapema, ili safari isianze usiku.

Kuhusu gharama: NHIF ilifungwa na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Kadi ya zamani peke yake haitakusaidia. Familia ijiandikishe na kulipa mchango wakati watu ni wazima. Nimeona familia ikianza kujiandikisha mgonjwa akiwa tayari mahututi, na ng'ombe akauzwa kwa bei ya mbuzi.

KUZUIA NI BORA

Chanjo ya Korona ilifika Kenya Machi 2021, na ipo pia chanjo ya influenza. Wazee na wenye magonjwa ya muda mrefu waulize kliniki yao kama zinapatikana. Tunawe mikono, tufungue madirisha ya nyumba na ya makanisa, na anayekohoa asione haya kukaa nyumbani Jumapili moja. Hata kwenye matanga, mgonjwa wa mafua asiwekwe chumba kimoja na nyanya wa miaka themanini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kisa cha kwanza, ni mambo gani manne yaliyoumiza figo za mzee? Ni lipi lingeweza kuzuiwa nyumbani?
2. Mgonjwa wa kilo 70 amekojoa mililita 150 kwa saa sita. Inatosha? (Fanyeni hesabu pamoja.)
3. Kwa nini sisi watu wa huku tunaogopa kumuuliza daktari swali? Tuseme ukweli.
4. Dukani kwetu kunauzwa dawa gani za maumivu? Mwenye duka anamuuliza mteja kama ana presha au sukari?

KAZI YA MWEZI HUU: Kila jumuiya itenge daftari moja, kalamu, chupa ya nusu lita yenye alama na pea chache za glavu. Viwekwe kwa katibu. Mtu wetu akilazwa, anayekwenda kumlinda apewe vitu hivyo pamoja na sabuni na chakula.

Yule mama wa Nyatike nilimtembelea baadaye kumwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi wafundishe wengine." Ninajaribu.